Samli Ndani ya Drili

Kila Jumamosi asubuhi Restituta alifagia karakana ya mjomba wake Tadei, fundi seremala wa Haydom, kisha akaiweka drili mezani kwa heshima zote za mgeni rasmi. Aliipenda drili ile kuliko somo lolote la darasa la sita.

Siku hizo drili ilikuwa ikilia kama ndama aliyeachwa zizini. Restituta akajiteua kuwa daktari wake, bila kura wala mpinzani. Bibi yake kule Balangdalalu hulainisha ngozi na mikanda kwa samli, na hakuna ngozi iliyowahi kulalamika. Basi akachovya kijiti kwenye kopo la samli aliloletewa na bibi, akamdondoshea mgonjwa dawa kupitia matundu ya hewa.

Haukupita muda, Mzee Ignasi akaingia akijikokota, mguu mmoja umefungwa plasta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Magongo yangu tayari? Hospitali wameniruhusu, na basi la Masakta linaondoka adhuhuri."

"Bado kutoboa matundu ya gongo la pili tu, mzee," alijibu Mjomba Tadei. Akabonyeza swichi. Drili ilitetemeka, ikarusha cheche, ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza.

Mjomba hakuigonga wala kuitukana. Alichomoa plagi kwanza, kisha akaanza kuihoji. Alichomeka taa kwenye soketi ileile, ikawaka. Akaupapasa waya wa drili polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, akipima kwa tesa, kile kipimo cha umeme. Akaipima swichi pia. Kila jibu lilimwachia huru mshukiwa mmoja. Restituta alimfuata kwa macho. Hakujua kwamba mtu anaweza kutafuta kosa kwa utulivu namna ile.

"Umeme upo, waya mzima, swichi inapitisha," alisema Mjomba. Akainusa drili. "Inanuka kuungua. Koili imekwisha hii, nyaya za ndani zimeungua. Lazima iende Katesh ikasukwe upya."

"Mimi nasikia harufu ya samli," alisema Mzee Ignasi.

"Ni njaa hiyo, mzee wangu. Drili itarudi wiki ijayo."

Mzee Ignasi aliligeuzageuza gongo lake moja. "Haya. Nitaruka kama panzi mpaka Masakta."

Alitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa ukiupapasa mguu wenye plasta. Mjomba alikwisha kuanza kuifunga drili ndani ya boksi. Restituta akamshika mkono.

"Mjomba, usiipeleke. Labda koili haijaungua. Labda ni samli yangu ndiyo iliyoungua."

"Samli gani?"

"Ya bibi. Niliimwagia ndani asubuhi. Nilitaka iache kulia."

"Nilisema mimi!" alipaza sauti Mzee Ignasi. "Pua ya mfugaji hiyo!"

Mjomba hakucheka. Aliifungua drili, akatoa kaboni mbili, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka. Ziling'aa kwa mafuta.

"Kaboni lazima ziguse shaba," alisema. "Wewe umezitandikia godoro katikati."

Akazifuta, akaisugua shaba kwa kitambaa chenye spiriti, akaanika kila kitu juani mpaka kikakauka kabisa. Alipoirudisha plagi na kubonyeza, drili ilinguruma. Bado ililia kidogo, kama ndama.

"Kinacholia ni beringi, kile kigurudumu cha gololi ndani, nayo ina grisi yake, si samli," alisema Mjomba, huku vumbi la mbao likiruka kutoka kwenye gongo la pili.

Mzee Ignasi aliondoka kuwahi basi kwa magongo mawili, akitembea kwa madaha kama diwani.

Restituta aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mjomba."

"Kuweka dawa usiyoijua ni kosa, usirudie. Lakini sikiliza, mama. Nimeihoji hii mashine kwa kila ninachojua, na bado ningeipeleka Katesh bure. Mashine haina mdomo wa kusema kilichoipata. Wewe unao, na leo umeutumia kabla basi halijaondoka."

Akamsogezea bisibisi. "Haya, daktari. Njoo nikuonyeshe beringi. Mikono kanawe kwanza."