Mchoro Aliofuta Rosenda

Siku aliyochora chumba chake, Rosenda alikuwa ameshiba, amecheka, na hana kinyongo na mtu. Ilikuwa Jumatatu ya Aprili, jua la Iloilo, mji wa Ufilipino, limeshika kisawasawa, na wanawake ishirini na watatu walikuwa wamepiga magoti kwenye sakafu ya iliyokuwa jela ya wanawake, kila mmoja na chaki yake, wakichora kama watoto wa chekechea.

Ndivyo alivyotaka Arkitekta Fe, msanifu wao wa majengo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mpiga mnada. Mji ulikuwa umewapa ushirika wa wanawake jela tupu waifanye makazi yao, na yeye akakataa katakata kuchora ramani ofisini. "Majengo yote ya dunia yamechorwa na watu wasioosha vyombo," alisema. "Hili mtalichora ninyi, kwa ukubwa wake, hapo hapo litakapokaa." Mnara wa askari ulikuwa umeshageuzwa mahali pa kulelea watoto. Jiko liliwekwa katikati kabisa, pale aliposimama nyapara ili aone kila selo. Kuta za selo zenyewe zilivunjwa nyingi, na upepo ambao haukuwahi kuruhusiwa humo sasa ulikuwa ukipita na harufu ya wali.

Kanuni ilikuwa moja tu. Mchoro wa mwanamke haufutwi na mtu yeyote isipokuwa mwenyewe. "Tumefutwa vya kutosha maishani," alisema Fe, wakapiga makofi. Rosenda alipiga kuliko wote.

Alikuwa na sababu. Mumewe, Rodel, alikuwa na mtindo wa kumfungia nyumbani kwa kufuli kila akienda matembezini, na siku aliporuka dirisha ilimbidi amwache bintiye Jovelyn, wa miaka saba, amelala kwa mama mkwe. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa amemwambia waziwazi: nionyeshe chumba, chenye ukuta na mlango, Ijumaa hii, na mtoto utamchukua. La sivyo, faili linakwenda kwa baba. Rosenda alikuwa fundi mwashi. Kwa fundi, siku tano zinatosha ukuta mmoja, na yeye alichagua kona ya mwisho kabisa ambako kuta tatu za zamani zilikuwa bado zimesimama.

"Mlango mpana hivyo wa nini, Senda?" alimtania Bebang, mpishi, ambaye wote walimwita Manang, yaani dada mkubwa. "Unaingiza nyati?"

"Naingiza mtoto, Manang. Na nikitaka kutoka nisigonge bega."

Bebang alicheka, lakini miguu yake haikuvuka ule mstari. Alikuwa amefungwa humo miaka kumi na mmoja na sasa anaishi humo kwa hiari yake, jambo ambalo watoto wake hawakulielewa. Kila alipopita kona ile alinong'ona "tabi-tabi", kama mtu anayepiga hodi kwa wasioonekana.

"Chagua kwingine, Inday, binti yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hapo palikuwa bartolina. Selo ya mtu mmoja, ya adhabu. Mkuu wa jela hakutaka ikae tupu. Hutoki mpaka aingie mwenzako akupokee."

"Si mlishatoka wote?"

"Siku ile ya kufunga jela waliita majina, tukatoka tunakimbia. Nani angegeuka nyuma?" Bebang alijifuta jasho. "Sikumbuki kama yule wa mle aliitwa."

Rosenda alimgusa bega kwa huruma, akaendelea kuchora. Wazee wana mizigo yao, alijisemea.

Jumanne asubuhi palikuwa na mchoro mwingine ndani ya mchoro wake. Mdogo. Hatua mbili kwa moja na nusu, umebanwa kwenye ukuta wa nyuma, mistari imenyooka na imekandamizwa kwa nguvu. Pande zote nne zilikuwa zimefungwa. Mwenye kuuchora hakuacha nafasi ya mlango.

Fe aliuliza ni wa nani. Wanawake walitazamana. Hakuna aliyejibu, na badala ya kushtuka Fe alifurahi mno. "Kuna mwenzetu ana haya kusema. Tumpe muda. Jumapili tutakaa kikao, atajitokeza, na tutajenga anachotaka."

"Jumapili? Arkitekta, mimi nina Ijumaa!"

"Najua, Senda. Lakini tukiufuta huu, sisi na wale waliojenga jela tuna tofauti gani?"

Maneno mazuri, na Rosenda aliyachukia kwa moyo wake wote. Adhuhuri, wenzake walipokuwa mezani, alichukua ndoo na tambara akapiga magoti. "Nisamehe, mwenzangu," alinong'ona. "Wewe unaweza kusubiri. Mimi nina mtoto." Chaki ya sakafuni hutoka kwa kupitisha tambara mara moja. Ile aliisugua mpaka kucha zikamuuma. Alipomaliza alimwambia Fe kwamba mwenyewe amekuja, amebadili mawazo, ameufuta na hataki kutajwa. Fe alimwamini, maana ushirika mzima ulijengwa juu ya kuaminiana.

Jumatano alimwaga msingi. Alhamisi akaanza kupanga tofali, akifanya kazi akiwa upande wa ndani, macho kwenye mstari. Fundi haangalii ukuta, huangalia mstari, na mstari ukiwa sawa ukuta utajitunza. Saa sita Bebang aliita kutoka jikoni kwamba supu inapoa.

"Namaliza safu hii, Manang!"

Alipaka udongo wa saruji. Akaweka tofali. Akagonga kwa mpini wa mwiko. Akapaka tena. Alikuwa akimfikiria Jovelyn, atalaza kichwa upande gani, atapenda rangi gani. Akaweka tofali. Akagonga. Mikono ilikuwa ikienda yenyewe, kama inavyokwenda ya fundi yeyote aliyezoea.

Kisha akaona kwamba hauoni mwiko vizuri.

Aliinua uso. Tofali alizopewa zilikuwa za kufika kifuani. Ukuta ulikuwa umefika darini. Aligeukia mlangoni, pale alipoacha nafasi pana ya kupita bila kugonga bega. Palikuwa na ukuta. Aliupapasa. Saruji ilikuwa mbichi, na kwenye kila kiungo kulikuwa na alama ya dole gumba likipanda juu, namna anayomalizia yeye peke yake. Alikuwa ameujenga kwa mikono yake.

Ukuta mbichi huanguka kwa teke moja. Aliupiga teke. Akaupiga bega. Haukutikisika. Alirudi nyuma ili apate nguvu, mgongo wake ukagusa ukuta. Hatua mbili tu. Alinyoosha mikono kushoto na kulia, viwiko havikunyooka.

Alipiga kelele jina la Bebang, jina la Fe, jina la kila mwanamke aliyemkumbuka. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na ilipokatika akasikia pumzi. Si yake. Ya mtu aliyekaa chini, pembeni ya miguu yake.

"Ahsante kwa kuja," ilisema sauti ya kike, ya adabu, imekauka kwa kutotumika. "Nilidhani wamenisahau."

Rosenda alijibana ukutani.

"Nilichora ili wajue nipo. Wewe ukaja kufuta, nikajua ndiwe uliyetumwa kunipokea."

"Sikutumwa. Nina mtoto," alisema Rosenda. "Nakuomba. Nina mtoto."

Pumzi ile ilisogea karibu.

"Hata mimi nilikuwa naye."

Ndipo nyundo zikaanza. Kutoka nje alisikia Fe akifoka, Bebang akilia, tofali zikipasuka. Tundu la mwanga likatokea, likapanuka, mikono ikaingia. Kitu cha baridi kikampita ubavuni, kikiwa na blauzi yake, kitambaa chake cha kichwa na kovu lake la kidevuni, na mikono ile ikakivuta nje. Rosenda akajirusha nyuma yake. Vumbi likamjaa machoni. Akayafuta haraka, akatazama.

Tundu halikuwepo. Mbele yake palikuwa na ukuta mkavu, wa zamani, wenye chokaa iliyobabuka. Nyuma ya ukuta huo, karibu kabisa, wanawake walikuwa wakilia kwa furaha.

"Pole, Inday, pole. Kwa nini ulijifungia?"

"Joto," ilijibu sauti yake mwenyewe. "Joto lilinichanganya."

Alipiga ukuta. Aliita. Aliukwaruza mpaka damu ikatoka. Upande wa pili walikuwa wakipanga pale walipobomoa pawe mlango, na Fe akasema kwa fahari kwamba pamelingana kabisa na mchoro.

Ijumaa alisikia gari, kisha viatu vya afisa, kisha kalamu juu ya karatasi. "Chumba kizuri," alisema afisa. "Mlango mpana. Haya, mtoto ni wako."

Miguu midogo ikaingia ikikimbia. Ikasimama.

"Njoo, mwanangu," ilisema sauti yake, na ndani ya sauti ile mlikuwa na machozi ya kweli.

Miguu ile haikusogea. Rosenda alikuwa amebandika mwili wote ukutani, hapumui.

"Bibi," Jovelyn alimnong'oneza Bebang, "mama yuko wapi?"

"Si huyo hapo, mwanangu?" alisema Bebang. Lakini alisema akiwa tayari anaondoka, haraka, kwamba ana sufuria motoni.

Yule mwanamke ni mama mzuri. Hilo kila mtu wa pale atakwambia. Humsuka mtoto nywele kila asubuhi, humpelekea chakula shuleni kabla hakijapoa, hajawahi kumwinulia mkono wala kufunga ule mlango. Anampenda. Rosenda huyasikia yote, na hakuna siku hata moja aliyoyazoea.

Mchana, watu wanapojilaza kukimbia jua, Jovelyn halali. Huenda kwenye ukuta wa nyuma, akasimama, akaweka shavu lake juu ya chokaa na kukaa hivyo muda mrefu. Rosenda naye huweka lake upande wa pili.

Hapo ukutani pana unyevu wa ukubwa wa uso. Wameupiga lipu mara tatu. Fe ameita fundi bomba, naye amepima, akaapa kwamba hakuna bomba linalopita karibu na kona ile. Kiangazi chote kuta nyingine hukauka mpaka zikapasuka, lakini pale mkono ukigusa hutoka umelowa. Mwaka huu unyevu umepanda kwa vidole vinne. Jovelyn naye amerefuka vivyo hivyo.