Mlango wa Ukuta wa Nyuma

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi milango, na si mtu wa kutia chumvi. Bibi mmoja mjane alimwita kwenye mji mmoja ambao watu wake wanaishi chini ya ardhi, ndani ya mgodi uliokwisha madini, ambadilishie mlango wa ukuta wa nyuma. Ilikuwa saa sita mchana, lakini mle ndani giza totoro, na mwanga wa kibatari cha bibi haukufika hata kwenye pembe za chumba.

Akiwa anafungua skrubu, fundi akasikia kitu kikikwaruza taratibu upande wa pili wa mlango. Papo hapo bibi akaanza kuimba kwa sauti.

Mlango ukatoka. Nyuma yake mwamba mtupu.

“Bibi, huu mlango unakwenda wapi?”

“Hauendi popote, mwanangu. Kila nyumba hapa inao. Hebu funga huo mpya upesi.”

“Kwa nini msihame?”

“Tumehama mara mbili, baba. Kote tuliukuta mlango huu umetutangulia.”

Akafunga mpya, kisha akaugeuza ule wa zamani aubebe. Kishikio cha upande wa bibi kilikuwa kutu tupu. Cha upande wa mwamba kiling'aa, kimelika kwa kushikwashikwa, na alipokigusa kilikuwa bado kina joto.