Mchicha wa Darasa la Sita

Ilikuwa mwaka 1973, mwezi wa Julai, kipupwe kimetanda na mvua hakuna. Paskalina, binti wa muuza dagaa wa Kariakoo, alikuwa kiranja wa darasa la sita. Alijulikana kwa daftari lake. Kila mpiga kelele aliandikwa humo, na adhabu yake ilikuwa moja: kumwagilia bustani ya shule.

Wanafunzi wakashika adabu. Darasa likawa kimya kama maji ya mtungini. Lakini kwa kuwa hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyemwagilia. Mchicha ukanyauka.

Mwalimu mkuu akamwita. "Ijumaa ijayo nikiukuta mchicha hivi, darasa litachagua kiranja mwingine."

Paskalina akarudi mbio. "Haya, nyote mkachote maji!"

Mrisho, mcheshi wa darasa, akasimama. "Kiranja, leo nani amepiga kelele?"

"Hakuna."

"Basi hakuna mwenye kosa. Jamani, twendeni nyumbani!"

Darasa zima likaangua kicheko.

Nyumbani, mama yake alimsikiliza huku akipepeta dagaa. "Kila Jumamosi Bi Blandina huwafunza viranja uongozi. Mbona huendi?"

"Mama, mimi ni kiranja tayari."

"Na mchicha unakufa tayari. Kesho utakwenda."

Alikwenda, uso ameukunja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Lipi lililokusibu?"

Paskalina akaeleza yote. Bi Blandina akamtazama. "Zamu yako ya kumwagilia ni lini?"

"Mimi? Mimi ni kiranja, mwalimu!"

Viranja wenzake wakacheka. Bi Blandina hakucheka.

"Kazi umeigeuza adhabu; nani ataipenda? Nawe mwenyewe hujaigusa. Huo ni unyapara, si uongozi. Kiongozi huwakutanisha watu wake, huwauliza, hupanga zamu pamoja nao. Na jina lake huwa la kwanza."

Jumatatu asubuhi Paskalina alisimama mbele ya darasa. "Ndugu zangu, nilikosea. Kumwagilia si adhabu tena. Tupange zamu. Mwaonaje?"

Mrisho akasema, "Wa Ilala wamwagilie asubuhi, maana wanakaa karibu. Sisi wa Kariakoo tumwagilie jioni."

"Vyema. Niandikeni mimi kwanza."

"Ngoja, kiranja! Tangu mwaka uanze sisi tumebeba ndoo, wewe hukubeba hata moja. Hizo nazo je?"

Wengine wakaguna. Paskalina akajibu, "Hilo ni deni langu. Zitajeni."

Wakakubaliana ndoo ishirini, juu ya zamu yake.

Ijumaa mwalimu mkuu alipita bustanini. Mchicha ulikuwa umesimama, majani mabichi. "Darasa hili lina kiranja," alisema, akaenda zake.

Jioni hiyo Mrisho alimkuta Paskalina bombani, gauni limelowa. "Ndoo ya ngapi hiyo?"

"Ya ishirini."

"Lete nikusaidie, imekulemea."

"Asante, ndugu yangu. Hii ni yangu."

Akajitwika ndoo, akatembea polepole hadi tuta la mwisho, akaimwaga yote.