Moyo wa Upande wa Kulia

Lifti ilikwama saa mbili asubuhi, ukumbi wa chini wa hospitali ukiwa umefurika watu. Ndani yake alikuwamo msichana mmoja tu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vipimo vya moyo na mishipa ya damu. Koti lake jeupe lilipigwa pasi mpaka kola ikasimama, na mikononi alikumbatia boksi la chupa za jeli.

"Mko wangapi humo?" sauti ya kiume iliuliza kwenye upenyo wa mlango.

"Mimi na jeli."

"Ya nywele?"

"Ya kupimia moyo. Fungua, nimechelewa darasani."

"Abiria, ukinifokea mkono unatetemeka. Na huu mkono ukitetemeka, tutaonana jioni."

Mlango uliposukumwa, lifti ilikuwa imening'inia nusu ya ghorofa. Kwanza aliona nywele zenye vumbi, kisha macho yanayocheka, kisha ovaroli ya buluu yenye bisibisi tatu mfukoni. Fundi wa lifti alipokea boksi, akampokea na mwenye boksi. Watu wa foleni wakapiga makofi. Wiki haikuisha kabla fundi hajapata namba yake ya simu, na jina la Abiria likamganda msichana kama gundi. Yeye akamwita Fundi, basi.

Mchana walikula pamoja kwenye ngazi za juu kabisa, jirani na chumba cha mota. Fundi asipoonekana, alipiga simu.

"Abiria wangu, lifti ya wodi ya wazazi imenuna. Nikimaliza kuibembeleza, nije nikubembeleze wewe?"

"Anza na hiyo. Ina wengi wanaoisubiri."

"Na wewe?"

"Mimi ninaye mmoja, na anaongea sana."

Fundi alimwambia mapema kwamba ni mgane, mke wake alifariki miaka mitatu nyuma. Alilisema hilo na kulifunga, na Abiria hakubisha hodi. Mama yake Abiria aliposikia alimwambia mwanawe kwamba mwanamume anayemlilia mkewe hana ubaya. Wa kumwogopa ni yule aliyekwisha kumsahau.

Darasani wanafunzi walijifunzia kwenye picha za zamani za mioyo zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, zikicheza kama video pamoja na milio yake. Majina yalifutwa, zikabaki namba na mwaka. Kanuni ya kwanza ilikuwa hiyo: usimtafute mwenye moyo. Abiria alipewa picha ambayo wenzake waliikwepa, ya mwanamke ambaye moyo wake ulikaa upande wa kulia wa kifua, tena umetanuka. Kila kitu kilikuwa kinyume, kama kwenye kioo. Darasa zima lilimwita Bibi Kulia.

"Bibi Kulia kakulaza na njaa tena?" walimtania alipochelewa kutoka.

"Leo kaninyima hata maji," naye alijibu, wakacheka wote.

Miezi mitano alikaa na moyo ule. Mtihani wa vitendo ungefanyika juu yake, na atakayeongoza angeajiriwa hapo hapo. Aliujua kama mtu anavyojua nyayo za jirani. Hata akioga aliusikia, fwasha, fwasha, wa haraka, kama mtu anayekuja mbio na hafiki.

Siku moja ya mvua, kwenye zile ngazi, Fundi aliegemeza kichwa kifuani pa Abiria, upande wa kulia, akafumba macho.

Abiria alicheka. "Huko utasubiri sana. Moyo uko huku."

Fundi aliinua kichwa kama aliyekutwa chumbani kwa watu. "Samahani. Mazoea. Wa mke wangu ulikuwa huko."

Mvua ilipiga mabati. Abiria aliuliza, ingawa alitamani asijibiwe, kama mke huyo aliwahi kupimwa.

"Hapa hapa. Ghorofa ya tatu, kwenu kwenye vipimo. Miezi miwili kabla hajafa, kwa moyo huo huo."

Wenye moyo upande huo ni wachache. Wenye moyo upande huo, uliotanuka, waliopimwa hapa mwaka ule, hesabu yake haikuhitaji kalamu. Abiria alisema amechelewa, akashuka ngazi.

Siku nne hakupokea simu. Ya tano uliingia ujumbe: "Kama ni mkosi wa mgane, sema tu. Si wa kwanza kunikimbia." Mama aliuona, akamuuliza mwanawe anamtesa mtoto wa watu kwa kosa gani. Darasani alifungua ile picha, akaifunga. Ule mlio sasa ulikuwa wa mtu, na mtu huyo alikuwa amechekwa miezi mitano.

Akamwendea mwalimu wake, mama wa maneno machache. Mwalimu alisema hakuvunja kanuni, kwa sababu hakutafuta, aliletewa. Lakini mume ana haki ya kuomba kuiona picha hiyo, na ya kukataa isitumike. Akikataa itaondolewa, na Abiria ataanza picha nyingine mwezi mmoja kabla ya mtihani.

"Jiandae kukosa vyote viwili," alimaliza. "Picha na mwanamume."

Abiria alimkuta Fundi kwenye chumba cha mota, akamwambia yote. Fundi alimpa mgongo, akifuta mikono kwa tambara hata ilipokwisha kutakata.

"Yaani bado anapiga?"

"Kwenye kompyuta, ndiyo."

"Na mnamtazama."

"Mimi kila siku."

"Mnamwita nani?"

Angeweza kudanganya. Akamwambia. Fundi aliweka tambara chini, akashuka kwa ngazi ghorofa zote saba.

Wiki mbili zilipita. Kisha akaja ghorofa ya tatu na barua ya idhini yenye mihuri, amevaa shati jeupe lililonyooshwa kama anakwenda ukweni. Mwalimu alivuta pazia, akamwamuru Abiria akae kwenye mashine. "Wewe ndiye unayemjua."

Moyo ukatokea, mlio ukajaza chumba. Fundi aliinua mkono kuelekea kioo, akaurudisha mapajani.

"Anakimbia," alisema.

"Amechoka. Moyo uliochoka hupiga haraka ili ufidie."

Ndipo Fundi akatoa lililokuwa likimla. Yeye na mkewe walikaa ghorofa ya nne, lifti ya jengo ilikuwa mbovu, naye aliahidi kuitengeneza. Akatengeneza za watu wengine. Mkewe alipanda na ndoo za maji, akitua kila kona, na yeye alimwita mvivu. Alimwita hivyo mpaka wiki ya mwisho.

"Ni zile ngazi?" aliuliza. "Nataka jibu la kazi yako. La mapenzi silitaki."

Kazi ya mpimaji ni namba, hukumu si yake. Abiria alimtazama mwalimu, naye akaitikia kwa kichwa.

"Ngazi haziwezi kuutanua moyo hivi. Alikuwa mgonjwa kitambo, pengine kabla hamjaoana. Hazikumuua." Akamgeukia. "Lakini zilimchosha. Hilo siwezi kukufutia."

Fundi alilia bila sauti, mkewe akipiga mbele yake, fwasha, fwasha. Alipotulia alisema picha ibaki, watu wajifunze, ila wakome kumcheka. Akawatajia jina lake. Abiria alilirudia polepole, akalirudia tena, mpaka likamkaa mdomoni.

Alipofunga mashine na kutoka, alidhani atakuta korido tupu. Fundi alikuwa kwenye benchi, macho mekundu. Abiria akakaa. Katikati yao ilibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyesogea kuijaza.

"Nimekasirika nawe," Fundi alisema. "Na bado nimekungoja."

"Naona."

"Jumapili nije kwenu, nijitambulishe kwa mama?"

"Atakuuliza habari za mkeo. Mama hana kona, huuliza moja kwa moja."

"Aniulize," alisema Fundi. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."