Mizizi Katika Mtumbwi wa Kaddy

Kila alipotoka shule, Aramata Badjie alimsaidia mama yake kumwagilia vitunguu. Wakati wa chaza ulikuwa bado. Wanawake wa kijiji chao, kando ya mto Gambia, walikuwa wamekubaliana: kuanzia Julai hadi mwisho wa Februari hakuna kuvuna chaza, na msimu ukifunguliwa, chaza hubanduliwa kwa kisu kwenye mizizi ya mikoko, mzizi wenyewe haukatwi.

Alasiri moja ya Februari simu ililia. Alikuwa dada yake, Sirra, aliyekuwa amejifungua majuzi mjini Brikama.

"Aramata, mate yananitoka! Natamani chaza jamani, hata bakuli moja."

"Bado wiki mbili tu, dada."

"Wiki mbili? Utanikuta nimeshakufa!" Sirra akacheka. "Haya, Jumapili nakuja."

Aramata hakucheka. Alimpenda dada yake kupita kiasi. Kesho yake, Ijumaa, mama alipokwenda sokoni, alichukua panga. Mtumbwi wao ulikuwa umetoboka, basi akachukua wa jirani yao, Shangazi Kaddy, bila kuomba. Huko mikokoni maji yalikuwa yameanza kujaa, na kubandua chaza mmoja mmoja kungemchelewesha. Akakata mizizi mitatu mizima pamoja na chaza wake, akaificha nyuma ya nyumba.

Asubuhi ya Jumamosi wanawake walikusanyika ufukweni. Vipande vya mizizi mibichi ya mkoko vilikuwa vimeonekana ndani ya mtumbwi wa Kaddy.

"Mimi? Jana kutwa nilikuwa zahanati na mume wangu!" alisema Kaddy.

"Mtumbwi ni wako," mwanamke mmoja alimkejeli. "Au umejipiga kasia wenyewe?"

Watu wakacheka. Kaddy hakucheka. Adhabu aliijua: kutovuna msimu mzima. Mumewe alikuwa mgonjwa, na nyumba nzima ilimtegemea yeye.

Mama yake Aramata alikuwa katibu wa wanawake hao. Alifungua daftari, akashika kalamu aandike jina la Kaddy. Aramata akasogea mbele.

"Mama, usiandike!" alisema. "Ni mimi."

Aramata akaeleza yote, machozi yakimtiririka. Mama yake akainama, akaandika: *Nyumba ya Badjie*.

"Kosa la mtoto wangu ni langu," alisema kwa sauti ndogo.

Mwenyekiti, Bibi Nyima, aliagiza mizizi iletwe. Akamwonyesha Aramata vidoa vidogo kama punje za mchele vilivyoganda kwenye mizizi.

"Unawaona hawa? Ndio chaza wa mwakani. Na katikati ya mizizi kama hii ndimo kamba na samaki wachanga wanamojificha. Umebomoa nyumba ya wengi."

"Sikujua, Bibi."

"Hilo hukulijua. Sheria je, hukuijua?"

Aramata akainamisha kichwa. "Niliijua."

Kwa kuwa alikiri mwenyewe, adhabu ilipunguzwa: mama yake angekosa wiki mbili za kwanza za msimu, na Aramata angepanda miche ya mikoko kila Jumamosi. Mizizi ilifungwa kwa kamba kwenye mikoko hai, ili chaza wachanga wapate kupona. Mwanamke aliyemkejeli Kaddy akamwomba radhi. Kaddy mwenyewe akamshika Aramata bega.

"Siku nyingine niombe mtumbwi, nitakupa," alisema. "Lakini si Februari!"

Jumapili Sirra alikula wali kwa samaki, akamsikiliza mdogo wake akisimulia yote, kisha akamkumbatia.

Jumamosi iliyofuata, walipokuwa wakichomeka miche topeni, Bibi Nyima alinyoosha mgongo.

"Mwanangu," alisema, "mikokoni hakuna askari. Sheria tumeiweka wenyewe ili mto uendelee kutulisha. Ukiwa peke yako humu na panga mkononi, askari ni wewe. Siku ile ulimkimbia askari huyo. Usimkimbie tena."

"Sitamkimbia, Bibi," alisema Aramata, akainama kuchomeka mche mwingine.