Kipimajoto Nyuma ya Tanuri

Kila alfajiri, kabla hata ya kunywa chai, Itto alijitanda shuka ya sufi akatoka nje kusoma kipimajoto. Kilitundikwa kwenye ukuta wa kaskazini, mahali pasipofika jua, na aliyekitundika ni baba yake, Bassou, mfugaji wa nyuki. Baba mwenyewe alikuwa mbali, huko bondeni Sidi Slimane, ambako mizinga yake ilikaa katika shamba la michungwa tangu maua yalipoanza. Redio ilitangaza hali ya hewa ya miji mikubwa, lakini korongo lao la Timahdite, juu mlimani, lina baridi yake peke yake. Kwa hiyo Baba alimtegemea Itto. Alfajiri za mlimani zikipata joto, angepandisha mizinga na kurudi nyumbani.

Kazi hiyo Itto aliipenda. Kilichomkera ni simu. Baba alikuwa akilala kwa dada yake, Shangazi Rkia, na kila Itto alipopiga, aliyewahi kupokea ni Wisal, binti wa shangazi.

"Haya, leo huko kwenye friji mko nyuzi ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tu? Sisi jana mchana ishirini na saba, nimelala dirisha wazi. Mjomba, njoo umsikie mtu wa barafu!"

Nyuma yake Baba alisikika akicheka. Kicheko hicho kilimchoma Itto kuliko baridi yoyote. Siku moja Wisal akatuma picha. Amevaa gauni la mikono mifupi, na kichwani amejivika kofia ya wavu ya kufungulia mizinga, ile ile ambayo Itto huvaa akimsaidia Baba. Baba mwenyewe amesimama kando, mkono wake begani mwa Wisal. Itto aliitazama picha ile mpaka macho yakamuuma. Jua ni lao, machungwa ni yao, na sasa wanamtaka na baba yake?

Asubuhi iliyofuata alikitoa kipimajoto mahali pake, akakitundika kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha tanuri. Ndani, Bibi Hadda, mama yake Baba, alikuwa anaoka mikate, na mawe ya ukuta yalikuwa yamepata moto. Kipimajoto kikapanda hadi kumi na mbili. Itto alijiambia kwamba hadanganyi, anasoma anachokiona. Mtu akitaka kujidanganya, hakosi la kujiambia.

"Kumi na mbili," akamwambia Wisal, na kwa mara ya kwanza Wisal akamwita Baba bila mzaha. Itto aliona raha siku nzima.

Akarudia kesho yake na siku zilizofuata. Baba alifurahi sana. Maua ya michungwa yalikuwa yanapukutika, na mwenye shamba alitaka kupuliza dawa ya wadudu, basi habari ya joto ilimjia kwa wakati wake. Akakodi lori la Alhamisi. Jua likizama na nyuki wote wakiwa ndani, angefunga milango ya mizinga na kupanda nao mlimani.

Alhamisi mchana Itto alitoka shule mbio, mvua yenye chembe za theluji ikimpiga usoni. Alimkuta Bibi anakanda unga, akamwambia kwa furaha kwamba Baba anarudi usiku ule na nyuki wake wote. Bibi akaacha kukanda. Akasimulia jinsi babu yake Itto alivyowahi kupandisha mizinga mapema, na asubuhi wakawakuta nyuki wamekufa kwa baridi. Waliwafagia kwa ufagio. Mwaka ule walikula mikate mikavu, hawakuwa na asali ya kula wala ya kuuza.

"Bassou si mjinga," Bibi alisema. "Nani kamwambia huku kuna joto?"

Mizinga ile ndiyo iliyowalisha na kumpeleka Itto shule, na jua lilikuwa tayari linaelekea kuzama. Akaichukua simu.

"Wisal, mpe Baba."

"Yuko kwenye mizinga, anafu—"

"Tafadhali, mpelekee. Mbio."

Baba alipokuja, Itto alisema yote kwa pumzi moja kabla hajaingiwa na woga. "Baba, usiwalete. Nilikudanganya. Kipimajoto nilikihamishia nyuma ya tanuri."

Baba akasema polepole, "Kirudishe mahali pake. Ngoja kitulie, uniambie."

Itto akakirudisha kwenye ukuta wa kaskazini, akangoja. "Mbili," alisema huku analia.

Baba hakumfokea. Nyuki wasingeweza kubaki pale, maana dawa ingepulizwa kesho yake. Alimpigia rafiki yake wa El Hajeb, katikati ya njia, akaambiwa huko alfajiri ni nyuzi kumi na moja na miti ya cheri imechanua maua. Lori likaishia huko, na nyuki wakawa salama.

Siku ya pili yake Baba akaja kwa basi kuwaona. Itto alijificha nyuma ya Bibi. Baba akamwita, akamkalisha karibu, akamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Wisal ana kila kitu," Itto alisema. "Ana jua, na ana wewe."

Baba akashusha pumzi. "Baba yake Wisal yuko Uhispania, huu mwaka wa pili hajarudi. Kila jioni ananiuliza, mjomba, utaondoka lini? Ile siku uliyosema kumi na mbili, alikwenda kulia jikoni."

Itto akainama. Kumbe mtu aliyemwonea wivu alikuwa akimwonea wivu yeye.

"Sikiliza, mwanangu," Baba alisema. "Wivu ulikuonyesha nusu ya mambo, ukaamini umeyaona yote. Nami nikikuuliza baridi, sitaki namba ya kunifurahisha. Nataka iliyopo. Ulikosea, tena vibaya. Lakini ulisema kweli nyuki wakiwa bado hai, na ndiyo maana nitaendelea kukuuliza wewe."

Jioni Baba alirudi El Hajeb kwenye mizinga yake. Alfajiri iliyofuata, ukuta wa kaskazini ulisoma nne. Itto alijua maana yake: Baba hatarudi wiki ile. Akampigia, akamwambia nne. Kisha akampigia Wisal, akamuuliza kwao wameamkaje.