Namba za Mstari wa Pili

Kila Jumamosi asubuhi, Zuhra alimsaidia mama yake, Bi. Mwahija, kufungua duka lao la vipuri vya umeme karibu na stendi ya mabasi ya Shinyanga. Alifagia vumbi mlangoni, akapanga masanduku, kisha akaketi na simu ya duka mapajani. Zamani wateja wengi walikuwa mafundi redio wa mjini. Walikuja wenyewe, wakakishika kifaa na kukigeuzageuza kabla ya kununua. Siku hizi wanaohitaji vipuri ni watu wa sola, wa pampu na wa migodini, na wengi wako mbali. Hutuma picha ya kifaa kilichoungua, na Bi. Mwahija huwapakilia kipya kwenye basi siku hiyohiyo. Kwa kuwa macho yake hayakuona tena maandishi madogo, kazi ya kusoma namba ilikuwa ya Zuhra. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alijivunia kazi hiyo.

Jumamosi moja picha ilitoka kwa fundi Maduhu wa Geita. Kapasita ya feni kubwa inayosukuma hewa ndani ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, ilikuwa imeungua, na kazi ilikuwa imesimama tangu jana. Nje, wenzake Zuhra walikuwa wakimsubiri waende mazoezi ya netiboli. Basi nalo lilikuwa likinguruma stendini. Kapasita, kifaa kinachoiwezesha mota ya feni kuzunguka, ilikuwa na mistari miwili ya namba. Zuhra alisoma wa kwanza, akachukua yenye namba hiyo na kuifunga haraka.

"Umesoma mistari yote miwili?" mama yake aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Basi likaondoka.

Zuhra alirudi dukani kutoka mazoezini saa saba mchana. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeinua vumbi hadi jua likawa jekundu. Alipokuwa akirudisha kwenye rafu sanduku alilotoa kapasita asubuhi, aliona limeandikwa volti 250. Akafungua picha ya Maduhu na kuikuza. Mstari wa pili ulisema 450.

Alijua maana yake, kwa sababu mama yake alikwisha kumweleza. Kapasita ya volti ndogo haikatai papo hapo. Feni huzunguka vizuri, watu wakaingia kazini bila wasiwasi. Halafu hupata moto, huvimba na kupasuka, na feni husimama watu wakiwa bado chini.

Alijiambia kwamba labda Maduhu angeona mwenyewe. Akalisukuma sanduku nyuma ya mengine, akaketi. Mama yake alikuwa akizungumza na mteja, lakini Zuhra alisikia feni ya dari tu. Kila ilipokwama kidogo, alidhani imesimama.

Mteja alipotoka, aliinuka.

"Mama, asubuhi nilikudanganya. Sikusoma mstari wa pili. Ulisema volti 450, nami nimetuma ya 250."

Bi. Mwahija alichukua simu mara moja. Maduhu hakupatikana. Akampigia Juliana, wakala wa mizigo wa stendi ya Geita, naye akasema fundi alikwisha kuchukua mzigo wake zaidi ya saa moja iliyopita. Bi. Mwahija alimwomba atume bodaboda machimboni na ujumbe mmoja tu: watu watoke.

Kisha wakangoja. Dakika arobaini zikapita.

Aliyepiga simu mwishowe alikuwa Maduhu. Alieleza kwamba bodaboda alimkuta amesimama mdomoni mwa duara, na watu watatu wako chini. Aliivuta kamba ya ishara, wakaanza kupanda. Wa tatu alikuwa bado kwenye ngazi feni iliponyamaza. Maduhu alipofungua kifuniko cha feni, kapasita ilikuwa imepasuka. Kisha akaomba kuongea na mtoto anayesoma namba.

"Shikamoo, fundi," Zuhra alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Aliyepanda mwisho ni mdogo wangu, anaitwa Donatus. Amekaa hapa anakunywa maji. Nimetaka ulijue jina lake."

Zuhra alilirudia jina hilo polepole, kisha akamrudishia mama yake simu.

Basi la alasiri lilibeba kapasita sahihi. Safari hii Zuhra alisoma mistari yote miwili kwa sauti, akaupiga picha mzigo na kumtumia Maduhu. Mama yake hakuruhusu uende mpaka fundi alipojibu kwamba ndiyo yenyewe. Ikawa ndiyo kanuni ya duka kwa kila mteja wa mbali.

Walipokuwa wakifunga duka, Bi. Mwahija alimgeukia binti yake.

"Zamani mteja alikuja hapa na macho yake. Siku hizi yuko mbali, anategemea yako. Kusahau kusoma ni kosa, na ningeweza kulirekebisha. Lakini uliposema umesoma, ulinifunga mikono. Umesema kweli ukiwa umechelewa, na hata hivyo watu watatu wametoka wazima. Siku nyingine usichelewe."